Moshi–Himo–Marangu–Kilema kwa tairi nyembamba: nianzie upande upi?

Mpanda_Vunjo: Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nataka kuzunguka: Moshi mjini, Kiboriloni, Himo, kupanda Marangu Mtoni, kisha kurudi kwa Kilema na kutokea Kawawa. Tairi ni milimita 25, breki za raba, meno ya mbele 50/34, nyuma kubwa ni 25. Nianzie Himo au Kilema? Na giya hizo zinatosha?

Gurudumu28: Anzia Himo, mkuu. Mito ya huku inateremka kutoka mlimani, kwa hiyo barabara ama inapanda na mgongo kati ya mito miwili, ama inaikata. Himo hadi Marangu unapanda na mgongo, mita kama 500, unashika mwendo mmoja. Kilema ndiko kwenye mabonde: unashuka hadi darajani, kona, halafu mlima unaanza papo hapo nawe bado uko giya nzito. Ukibadilisha pale kwa nguvu, cheni inaruka au inakatika. Badilisha ungali unateremka, kabla ya daraja, pedali zikiwa nyepesi.

25 ya nyuma ni ndogo. Kwa 34 mbele na 25 nyuma, kuzungusha pedali mara 60 kwa dakika kunadai zaidi ya km 10 kwa saa, na mlima wa asilimia 10 hauruhusu hivyo kwa muda mrefu. Kwa 32 ni km 8 tu.

FundiSpoki: Naongezea hapo kwa Gurudumu28. Kabla ya kununua 32, angalia mkono wa giya wa nyuma, ule unaohamisha cheni toka jino hadi jino. Ile mifupi ya zamani, mingi mwisho wake ni jino la 28. Na cheni ya zamani itakuwa fupi: ukiingiza jino kubwa la mbele na kubwa la nyuma pamoja inakaza na kuvunja mkono.

Ukishafunga, inua tairi la nyuma, weka jino kubwa kabisa, zungusha pedali taratibu huku ukisukuma mkono wa giya kwa kidole kuelekea spoki. Cheni ikitaka kuvuka, kaza skrubu yenye alama L robo mzunguko, jaribu tena. Usiache hili. Cheni ikiingia kwenye spoki katikati ya mlima, spoki zinakatika na tairi linagoma.

Raba za breki: zitoe, zitazame kwa karibu. Uso ukiwa unang'aa kama kioo, piga msasa hadi uwe mweusi wa kawaida. Chembe za mchanga zilizojikita zing'oe kwa sindano, maana ndizo zinazokwaruza rimu.

Mama_Pedali: Kilema chunga mifereji. Maji yakifurika yanavuka lami na kuacha tope jekundu jembamba, mara nyingi kwenye kivuli cha migomba ambako halikauki. Kata mwendo kabla, pita wima, usiguse breki juu yake. Rimu ikilowa, raba huchelewa kushika, basi gusa kidogo mapema ili zifute maji. Kwenye mteremko mrefu usikandamize muda wote. Bana kwa nguvu, achia, bana tena. Rimu ikipata moto sana tyubu inapasuka.

Ondoka saa 12 asubuhi. Njia ya Himo ina malori ya Holili na ya Dar, na matuta kila penye makazi.

Mpanda_Vunjo: Asanteni sana. Nikiweka tairi za 28, upepo kiasi gani? Nina kilo 75.

FundiSpoki: Nyuma PSI 75, mbele PSI 70. Pima kwanza kama 28 inapita chini ya breki; iache nafasi ya milimita 4, tope likinata lisisage.