Uranusi karibu na Kilimia: je, sayari inapunguza mwendo au vipimo vyangu vina kosa?

Mpigapicha wa Dodoma

Habari zenu, ndugu wapenzi wa anga. Tangu Novemba 2025 nimekuwa nikipiga picha za eneo lililo kusini kidogo ya kundi la nyota la Kilimia kwa kamera ya kawaida yenye lenzi ya milimita 135, iliyofungwa kwenye stendi ya miguu mitatu juu ya paa la nyumba yetu. Sina mashine ya kufuata mzunguko wa anga, kwa hiyo kila picha ni ya sekunde 2 tu, nami hupiga picha 60 hivi kila usiku na kuzipanga moja juu ya nyingine kwenye kompyuta. Uranusi inaonekana vizuri kama nukta, na nyota mbili za jirani, 13 Tauri na 14 Tauri, ndizo alama zangu.

Jambo linalonisumbua ni hili. Nilitarajia sayari iende upande wa mashariki, lakini imekuwa ikienda magharibi. Zaidi ya hayo, mwendo wake si wa kasi moja: kati ya tarehe 9 na 23 Novemba ilisogea takriban pikseli 340, lakini kati ya tarehe 10 na 24 Januari ilisogea pikseli 140 tu, na katika wiki moja iliyofuata, hadi tarehe 31, haikufikisha hata pikseli 40. Je, nimekosea mahali fulani katika kupanga picha, au hivi ndivyo sayari inavyokwenda? Mvua imeninyima siku nyingi za Desemba, na ningehuzunika sana kugundua kwamba hata hizo nilizopata si sahihi.

Mzee wa Darubini, Morogoro

Vipimo vyako ni vizuri, kijana wangu. Umeinasa Uranusi ikirudi nyuma, na sasa unaiona ikikaribia kusimama.

Fikiria uko ndani ya treni ya kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, na pembeni kuna lori linaloelekea huko huko kwa mwendo mdogo. Treni inapolipita, lori huonekana kama linarudi nyuma ukililinganisha na milima ya Uluguru iliyo mbali, ingawa dereva wake hajaacha kukanyaga mafuta. Dunia huzunguka Jua kwa takriban kilomita 30 kwa sekunde, na Uranusi kwa chini kidogo ya kilomita 7. Tuliipita tarehe 21 Novemba, ilipokuwa upande wa pili wa anga kutoka kwenye Jua, na siku hizo ndipo inaporudi nyuma kwa kasi zaidi: kama dakika 2.5 za tao kwa siku (dakika ya tao ni sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja), maana yake hupita upana wa Mwezi mpevu kwa siku 12 hivi. Kwa lenzi yako, ikiwa kila pikseli ya kamera ina mikromita 4 au karibu na hapo, hizo ni pikseli 24 kwa siku. Zidisha kwa 14, uone jinsi jibu linavyokaribiana na lako.

Kupungua kwa mwendo nako kuna sababu. Treni yetu inakata kona. Njia ya Dunia ni mviringo, hivyo kadiri wiki zinavyopita, sehemu kubwa ya mwendo wetu hutupeleka mbali na Uranusi badala ya kutupitisha ubavuni mwake. Sehemu iliyobaki ya ubavuni hupungua mpaka ikawa sawa na mwendo wa Uranusi wenyewe, na hapo sayari husimama machoni petu. Safari hii siku hiyo ni tarehe 4 Februari 2026, kwa hiyo usishangae ukipata pikseli chache sana, au usipopata kabisa.

Nakusihi usiache kupiga picha wiki hizi kwa kudhani kwamba hakuna kinachotokea. Kusimama huku kumewahi kuwanyima watu ugunduzi mkubwa. Pierre Charles Le Monnier wa Ufaransa aliiona Uranusi mara kadhaa kati ya 1750 na 1769, na katika Januari 1769 aliiandika zaidi ya mara moja ndani ya siku chache. Lakini ilikuwa karibu na kusimama, haikusogea vya kutosha, naye akaihesabu kuwa nyota. Kabla yake, mnamo Desemba 1690, John Flamsteed wa Uingereza alikuwa ameiorodhesha kama nyota ya 34 ya kundinyota la Ng'ombe. William Herschel ndiye aliyeitambua tarehe 13 Machi 1781. Huwa nawaza jambo hili kila nikiitazama: Uranusi huchukua miaka 84 kulizunguka Jua, na 84 mara nne ni 336, kwa hiyo kundinyota unalolipiga picha sasa ni lile lile alimoiona Flamsteed.

Fundi Lenzi

Nakubaliana na Mzee. Hata hivyo, kwa kuwa umeuliza kuhusu kosa la kupanga picha, njia ya kujihakikishia ni rahisi. Chagua nyota tatu zisizo sayari, upime umbali kati yao katika picha za kila usiku. Umbali huo usipobadilika kwa zaidi ya pikseli moja hivi, mpangilio wako ni salama. Usipime kamwe kutoka kwenye ukingo wa picha, kwa sababu stendi yako imetulia lakini anga linazunguka, na picha ya saa mbili usiku itakuwa imeinama kidogo ikilinganishwa na ya saa nne. Weka pia sayari katikati ya picha, kwa maana lenzi nyingi hupotosha nyota zilizo pembeni.

Mpigapicha wa Dodoma

Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Nimefanya jaribio la nyota tatu kwa picha za usiku wote nilizo nazo: umbali haukubadilika, isipokuwa usiku mmoja wa Novemba ambao nimeutoa. Swali langu la mwisho ni hili: baada ya kusimama itaelekea wapi, na nina muda gani?

Mzee wa Darubini, Morogoro

Marahaba. Itageuka kuelekea mashariki, polepole mwanzoni, na kufikia Aprili itakuwa na kasi kuliko uliyoipima Novemba, kwa sababu wakati huo Dunia itakuwa upande wa pili wa mzunguko wake na mienendo miwili itajumlishwa badala ya kutoana. Ila muda ni mfupi. Wazee walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwaka huu Uranusi itazama pamoja nacho, na katika Mei itapotelea kwenye mwanga wa Jua. Kuanzia mwisho wa Machi panda paani mara tu giza linapoingia, utazame magharibi kuelekea kaskazini kidogo. Mvua za Dodoma huwa zinaelekea kwisha Aprili, nadhani utapata siku za kutosha.