Binti yangu anataka mahakama, mama yangu hataki hata kusikia. Naombeni ushauri

Binti Nshomile:
Wanajamvi, habari za jioni. Baba yangu alifariki mwaka jana kijijini, Muleba, huko kwetu Uhayani, Kagera. Ameacha nyumba, kibanja cha migomba na kahawa, na mjane wake, mama yangu, miaka 73. Kwetu tumezaliwa mabinti watupu. Kikao cha ukoo kimeamua kibanja kiende kwa mtoto wa baba mdogo, eti kisitoke nje ya ukoo.

Binti yangu, mwaka wa tatu chuo, amewaka. Anasema twende mahakamani, na anayenyamaza anaulea mfumo dume. Mama anasema hizo haki sawa ni zetu huko mjini, tuwaache wazee wamalize. Juzi walitupiana maneno kwenye simu hadi mama akakata.

Kinachonichanganya, mama huyo huyo ndiye aliyeuza ndizi na kusuka mikeka ili nisome sekondari, wakati shangazi zangu waliishia la nne. Stakabadhi za kahawa anazitunza kwenye kopo la maziwa ya unga. Zote zina jina la baba, ilhali mchumaji na mwanikaji ni yeye.

Mimi ni wa kizazi cha Beijing. Mwaka 1995 Mama Mongella anaongoza ule mkutano wa dunia wa wanawake kule Beijing, nilikuwa sekondari. Haki kwetu ilikuwa kusoma, kuajiriwa, kuwa na akaunti yako benki. Ardhi ya baba hata hatukuifikiria. Nawapatanishaje hawa wawili, na kibanja nifanyeje?

Mzee wa Kashai:
Mambo ya Beijing hayo, tulijua yatafika tu. Kibanja kina makaburi. Kesho mumeo wa Mbeya anauza, sisi tukazikwe wapi?

Mama Ntilie Msomi:
Mzee, na huyo mtoto wa baba mdogo akiuza anunue bodaboda? Au akiuza mwanaume makaburi yanahama yenyewe?

Wakili wa Kijiweni:
Mleta mada, mambo haya yalishafika Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1990. Holaria Pastory, Mhaya mwenzako, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza, ndugu akapinga. Jaji Mwalusanya akasema mwanamke anauza kama anavyouza mwanaume. Binti yako ana pa kusimamia.

Lakini soma na Tangazo la Sheria za Kimila la 1963. Linasema mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na wanawe. Mama yako huenda hajawahi kuliona hilo tangazo, ila ameliishi. Nyinyi mkishindwa kesi mnapanda basi mnarudi Dar. Yeye anabaki na hao wazee, ukuta kwa ukuta. Kabla ya kumwita mtu wa kizamani, muulizeni anaogopa nini.

La kufanya: msisaini muhtasari wa kikao cha ukoo. Ukoo unapendekeza msimamizi wa mirathi, anayemteua ni Mahakama ya Mwanzo. Wekeni pingamizi mapema. Na lile kopo msilitupe, tafuteni na majirani waliomwona akichuma. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kazi za nyumbani kuwa ni mchango. Ile ilikuwa talaka, siyo mirathi, lakini hoja inasaidia.

Mjukuu wa UWT:
Mimi rika la binti yako. Bibi yangu alikuwa mwanachama wa UWT, Umoja wa Wanawake, tangu enzi za mwenyekiti wake wa kwanza, Bibi Titi, mikutano haikumpita, lakini nyumbani hali chakula mpaka babu atengewe kwanza. Nikimuuliza ananishangaa, haoni kama kuna utata wowote. Mwambie mwanao apunguze lugha za mtandaoni, aende Muleba msimu wa kahawa, achume na bibi yake. Hoja atakazotoka nazo huko hazipo Twitter.

Mzee wa Kashai:
Hapo kwenye kuchuma naunga mkono.

Binti Nshomile:
Asanteni wote, hata wewe Mzee. Nimempigia mama, nikamuuliza kama alivyosema Wakili. Alikaa kimya, kisha akasema shemeji yake alishapima uwanja hadi mlango wa jiko. Hatasaini kitu mpaka nifike. Natoka Ijumaa na binti yangu. Wakili, hilo pingamizi linafunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya alikofia marehemu au hata Dar inawezekana?