Mbolea ya ruzuku na asilimia 10 ya miti: liwe sharti?

Mwenye mada, Malindi:

Nauliza waziwazi, na ningependa wakulima wa Magarini, Ganda na Mambrui wajibu kabla yetu sisi wa mjini. Mkulima auziwe mbolea ya ruzuku bila kuulizwa kitu, au aonyeshe kwanza kwamba sehemu ya shamba lake ameiachia miti?

Kanuni za mwaka 2009 zilimtaka kila mwenye shamba nchini Kenya atenge angalau asilimia 10 ya ardhi yake kwa miti. Mwaka uliofuata Katiba, Ibara ya 69, ikaipa serikali jukumu la kufikisha miti asilimia 10 ya nchi nzima. Kisha Septemba 2022 mfuko wa mbolea wa kilo 50 ukashushwa hadi shilingi 3,500, na mwaka 2023 hadi 2,500. Kheri kubwa hiyo, siipingi. Lakini mambo haya mawili hayajakutanishwa. Aliyefyeka mpaka ukingoni mwa mto na aliyeacha mikanju ya babu yake imesimama wanapanga foleni moja, wanalipa bei moja, wanarudi nyumbani na mfuko uleule. Tena aliyefyeka ndiye anayefaidi zaidi, maana ana nafasi kubwa ya kuimwagia mbolea hiyo.

Shukeni mto Sabaki karibu na daraja mto ukiwa umepungua. Mahindi na mchicha vimefika mpaka kwenye maji. Kanuni za maji zinataka ukingo uachwe kulingana na upana wa mto, si chini ya mita 6 na si zaidi ya 30, na mto mpana kama Sabaki unadai 30 zote. Nani anapima? Mvua kubwa ikija ukingo unakatika vipandevipande, mahindi yakiwa bado yamesimama juu yake, na udongo unaishia baharini. Wakati wa kaskazi mkondo unauleta kusini, kwenye ghuba yetu, kuelekea matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Anayetaka kujua kilimo cha namna hii kinamgharimu nani, asimame ufuoni Malindi mwezi wa Desemba atazame rangi ya maji.

Msimamo wangu ni huu: ruzuku iwe na sharti, na sharti lenyewe lilipwe. Anayetunza miti apate mfuko kwa bei ya chini zaidi kuliko jirani yake. Costa Rica inawalipa wenye ardhi kwa kuacha msitu tangu 1997, na sehemu ya pesa hutoka kwenye kodi ya mafuta. Hapa kwetu, Gazi kule Kwale, wanakijiji wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko yao inaihifadhi, na pesa zinaingia kwenye maji na shule. Basi haki ya kulipwa kwa kutunza isiwe ya mikoko peke yake.

Mkulima, Magarini:

Salaam, mwenye mada. Umesema vizuri, lakini umesema kama mtu mwenye hati ya shamba. Mimi sina. Wengi huku hatuna, tunalima ardhi ambayo mwenyewe hatujawahi kumwona uso. Nikipanda mahindi, msimamizi wake ananyamaza. Nikipanda mivinje, ambayo boriti zake zinataka miaka minne au mitano, ananiambia natafuta kumpora ardhi. Yalinikuta hayo. Miche iling'olewa yote, na hakuna ofisi iliyonisikiliza. Sasa sharti lako litaninyima mbolea kwa kosa la kutokuwa na hati?

Na hao wanaofyeka msitu wa Dakatcha kwa ajili ya mananasi, msidhani hawajui wanachofanya. Nanasi la kwanza unalisubiri mwaka na nusu, na dalali anakuja na bei aliyokwisha kuipanga. Udongo wa msitu uliofyekwa jana hauhitaji mbolea, ndiyo maana mtu anahamia mbele kila ukichoka. Kama kuna mfuko wa bei nafuu uliofika kwake kwa wakati, huenda angebaki pale pale alipo. Sharti linaweza kumrudisha msituni.

Isitoshe, Umoja wa Ulaya wenye pesa nyingi kuliko sisi uliwataka wakulima waache asilimia 4 ya ardhi ya kulima bila mazao. Mwanzoni mwa 2024 matrekta yakajaa barabarani Brussels, na sharti likalegezwa mwaka huohuo.

Mvuvi, Malindi:

Mimi nina neno moja. Sisi tuliambiwa juya, ule wavu wa kukokota, ni marufuku kwa sababu linaharibu mazalio ya samaki. Hakuna aliyetulipa ili tuache. Leo mkulima alipwe ili asimwage udongo kwenye mazalio yaleyale? Nifafanulieni hapo.

Mwenye mada, Malindi:

Kaka mvuvi, una haki ya kuudhika, na jibu langu ni kutenganisha mambo mawili. Ukingo wa mto si wa kulipiwa. Mita zile ni sheria kama juya lilivyo sheria, na anayelima ndani yake asipewe ruzuku hata kidogo. Malipo ninayoyasema ni ya miti iliyo ndani ya shamba lake mwenyewe, mahali ambapo angeweza kupanda kitu cha kuuza.

Kuhusu hati, ndugu yangu wa Magarini, hilo ndilo fundo lenyewe na nakushukuru kulileta. Lakini Pwani tuna desturi ambayo sheria inaweza kuiazima: mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mtu anaurithi mnazi wa babu yake uliosimama kwenye kiwanja cha mwingine, na watu wanaheshimu. Miti iandikwe kwa jina la aliyeipanda, pembeni ya hati ya ardhi, na karatasi hiyo imlinde mpandaji pale msimamizi anapokuja. Mnazi, mwembe na mkanju ihesabiwe pia. Sioni kwa nini mti unaomlisha mtu uwe na thamani ndogo kuliko mvinje.

Wengine mtaniambia udongo mwingi wa Sabaki unatoka juu, Ukambani na kwingineko, kwa hiyo tunaonewa. Ni kweli unatoka juu. Kilimo ni kazi ya kaunti tangu Katiba ya 2010, na Kilifi haiwezi kumwamuru mkulima wa Machakos. Ila mbolea ya ruzuku ni ya serikali kuu, na foleni ya Machakos ni sawa na ya hapa. Ndiyo maana nimeshikilia mfuko wa mbolea: sioni chombo kingine kinachowafikia wakulima wa mto mzima kwa mara moja.

Wasiwasi wangu mkubwa uko kwa anayehesabu. Kazi hiyo akipewa mtu mmoja, miti ya wakubwa itaongezeka kwenye karatasi na ya wajane itapungua. Mimi ningempa afisa wa kilimo wa kaunti ahesabu, na orodha isomwe barazani kijijini mbele ya watu kabla haijapelekwa popote. Waliowahi kuandikishwa kwa ajili ya mbolea, tuambieni: kwenu orodha ilisomwa hadharani, au mlikuta majina tayari?