MJADALA: Mtoto wa darasa la tatu kuamshwa saa kumi na nusu alfajiri, kweli ndio ufaulu tunaoutafuta?

Wazazi na walimu wa Arusha habari zenu. Hili naomba tulijadili wazi maana naona kila mtu analalamikia ndani kwake halafu asubuhi anamwamsha mtoto kama kawaida. Mimi msimamo wangu ni kwamba mtoto wa miaka nane kuamshwa saa kumi na nusu ili awahi gari la shule si sawa, na hizo maksi tunazozikimbilia ndio tunazipoteza hapohapo.

Pita Kwa Mrombo au Sakina kabla hakujakucha, hasa mwezi wa saba na baridi ya huku mnaijua. Utawakuta wamesimama gizani na masweta na kofia za sufu, dada kashika begi. Gari likija mtoto anapanda anaegemea kioo analala, linazunguka mitaa yote kuokota wengine. Jioni anarudi kumi na mbili, anaoga, anakula, homuweki ya masomo matatu manne, mpaka alale ni saa nne. Hayo ni masaa sita na nusu! Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anatakiwa alale masaa 9 mpaka 12, na sio kwa ajili ya kupumzika tu, akilala ndio ubongo unahifadhi yale aliyofundishwa mchana.

Mtoto wa dada yangu yuko la tatu. Jumamosi akishaamka mwenyewe anafanya kuzidisha anapata zote. Alhamisi usiku maswali ya aina ileile anakwama 7 mara 8, mwandiko unaanza vizuri ukifika swali la sita unateremka nje ya mstari, mara analia. Huyo hana shida ya hesabu, amechoka. Na wapo walimu ambao mtoto akisinzia darasani wanamchapa, wakati kanuni za viboko ziko wazi kwamba ni mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na ni kwa kosa kubwa. Usingizi ni kosa gani?

Najua kuna watakaosema sisi tulitembea mguu na tukafaulu. Sawa, ila tulikuwa tunalala saa mbili maana umeme haukuwepo, halafu wale walioishia la saba hawaulizwi kwenye mijadala kama hii.

Walimu nao wanasema wazazi ndio wanaosukuma. Hapo nawaunga mkono kabisa. Baraza la Mitihani (NECTA) waliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora tangu Januari 2023, lakini mabango ya A bado yananing'inia barabarani na sisi ndio tunayafuata, mtoto akiwa wa kumi na tano kwenye mtihani wa ujirani mwema, ule wa pamoja wa shule jirani, tunatafuta tuisheni ya Jumapili. Mwaka huohuo 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano, ili mtoto mdogo alelewe na wazazi wake. Sasa huyu anayeondoka usiku na kurudi jioni tunamlea saa ngapi jamani?



Pendekezo langu, gari lisimchukue mtoto wa chini ya la tano kabla ya saa kumi na mbili, na homuweki isizidi nusu saa. Wenye shule watasema magari hayatoshi, ruti ni ndefu. Basi waongeze gari, mimi nauli ikipanda kidogo nitalipa. Wazazi wenzangu wa Njiro, Moshono, Ngaramtoni, mko tayari kulipa? Na walimu, mkipewa mtoto aliyelala vizuri mtakubali kupunguza hizo homuweki?