Mdogo wangu anataka ubalozi: Kurasini au sheria UDSM?

Korosho_Ghafi (Newala): Wakuu, habari za humu. Mdogo wangu kamaliza form six, HGL (historia, jiografia na Kiingereza), kafaulu vizuri. Kichwani mwake kuna kazi moja tu: ubalozi. Baba anataka aende Chuo cha Diplomasia, Kurasini. Mimi nasema sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), akikosa ubalozi ana pa kushika. Ada inatoka kwenye korosho, hatuna hela ya kukosea mara mbili.

Mzee_Shangani: Kurasini. Chuo kile tulikianzisha pamoja na Msumbiji mwaka 1978, kwa kazi hiyohiyo.

Binti_Mikindani: Shikamoo mzee. Lakini tuangalie watu wetu wa kusini. Mkapa wa Lupaso alisoma Kiingereza Makerere, akawa mhariri wa magazeti, mwaka 1976 Mwalimu akampeleka Nigeria kuwa balozi. Kurasini inafunguliwa, yeye tayari waziri wa mambo ya nje! Membe wa Rondo, aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje, naye alikaa ubalozini Ottawa miaka ya 1990, akarudi kugombea ubunge Mtama.

Msimbati2: Mnachanganya vitu viwili. Balozi anateuliwa na Rais, awe mwanajeshi mstaafu au mhariri. Cheo hicho hakiombwi kwa cheti. Dogo ataomba kuwa afisa wa mambo ya nje, ajira za serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira, na hapo wa Kurasini, wa sheria na wa uchumi wanasukumana mlango mmoja. Sheria ina milango mingine, nakuunga mkono.

Ila aijue kazi yenyewe. Shemeji yangu alikuwa ubalozini. Asubuhi uwanja wa ndege kupokea ujumbe, mchana anafuatilia Mtanzania aliyeko mahabusu, usiku ripoti ya kwenda wizarani. Mkataba wa Vienna wa 1961 unamkinga asikamatwe, basi. Mkewe, mwalimu, aliacha kazi kumfuata. Watoto wakija likizo, bibi anawasemesha Kimakonde, wanamtazama tu. Huyo bibi alipofariki, shemeji alifika siku ya tatu, kaburi limeshafukiwa.

Binti_Mikindani: Poleni sana. Hayo picha za suti hazionyeshi.

Mzee_Shangani: Marahaba binti, nimekuelewa. Sheria sawa, lakini aanze Kireno mapema. Huku kwetu na Msumbiji tunatenganishwa na mto Ruvuma tu, ndugu zetu wako ng'ambo zote mbili. Afisa anayejua Kimakonde na Kireno, Maputo watamkataaje?

Korosho_Ghafi: Nimemsomea yote. Sheria kakubali. Kwenye habari ya bibi alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza: kaka, hapa Newala nani anafundisha Kireno?