Android au iPhone: nani anaongoza, na tunapima kwa kipi?

Mtoa hoja, Darajani:
Jamaa, kila yakizuka mazungumzo ya simu, mmoja husema Android iko kwenye kama simu 7 katika kila 10 duniani, basi imeshinda. Mwengine hujibu kuwa faida kubwa anaichuma Apple, basi kashinda yeye. Kwa mtu wa Unguja na Pemba, mimi vipimo vyote viwili navikataa.

Kampuni ya utafiti ya IDC huhesabu simu mpya zinazopelekwa sokoni. StatCounter, kampuni ya takwimu za intaneti, huhesabu kurasa zinazofunguliwa, si simu. Apple nayo iliacha kutangaza idadi ya iPhone inazouza tangu mwishoni mwa 2018, kwa hiyo za kwake ni makisio. Sasa chukua iPhone ya mtumba iliyopitia Dubai: IDC ilishaihesabu zamani, kwa mnunuzi wa kwanza, nchi nyengine. Na bibi anayetumia WhatsApp na kutuma pesa tu, StatCounter haimwoni kabisa.

Kipimo changu ni hiki: simu bado inamfaa aliyeinunua mwisho? iPhone 6 ya 2014 iliishia mfumo wa iOS 12, haikupata mpya zaidi, na Mei 2025 WhatsApp ikaacha kufanya kazi kwenye simu hiyo. Kioo kizima, betri mpya, lakini grupu la ukoo limeshamfungikia.

Mchangiaji, Chake Chake:
Bwana, wingi usiudharau. Fundi wa huku ana vioo vya Tecno na Infinix kwa sababu ndizo simu walizonazo watu. Kioo cha simu adimu utakingoja mpaka kije na boti. Na watengeneza programu nao hufuata penye watu. Nokia ilipouacha mfumo wake wa Symbian 2011 ikahamia mfumo wa Microsoft, programu zikahamia kwengine, na 2017 WhatsApp ikazifunga simu hizo zikiwa zima.

Mtoa hoja:
La vioo nimekubali, ndugu yangu. Lakini Nokia uliyoitaja ndiyo iliyokuwa ikiongoza 2010! Wingi ule haukumsaidia aliyenunua. Ulaya wameliona hili: tangu Juni 2025 sheria yao inamtaka mtengenezaji atoe masasisho kwa miaka 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Sisi tunaonunua simu ikiwa imeshatumika ndio tunaohitaji zaidi kuujua mwaka ambao masasisho yatakoma. Kwa nini muuzaji asilazimishwe kuuandika kwenye risiti, pembeni ya bei?