Siagi inaungua kabla mnofu wa sangara haujaiva, nifanyeje?

Binti Ziwa (Mwanza)
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi mawifi zangu wanakuja kutoka Arusha, nataka kuwapikia minofu ya sangara kwa siagi na lozi, ule upishi wa Kifaransa. Kila nikijaribu, siagi inakuwa nyeusi upande wa kwanza tu, mnofu unakatika nikiugeuza, na lozi zinakuwa chungu. Minofu nanunua mibichi mwaloni Kirumba, unene kama kidole. Kabla ya kukaanga naiweka kwenye ndimu na kitunguu saumu nusu saa. Naombeni msaada.

Mpishi Mstaafu
Dada, siagi moja umeipa kazi mbili. Siagi ina mafuta kama asilimia 80, iliyobaki ni maji na chembechembe za maziwa. Chembe hizo ndizo zinazoungua. Samaki mkaange kwa samli, ambayo imeshachujwa chembe hizo, au kwa mafuta ya alizeti.

Kausha mnofu kwa kitambaa safi, tia chumvi na pilipili manga, pitisha kwenye unga wa ngano pale pale unapotaka kukaanga, kisha kung'uta. Unga ukipakwa mapema unalowa, na ukilowa unanata. Mafuta yapate moto kwanza. Ukishaweka mnofu usiuguse. Dakika tatu hivi, kingo zikiwa nyeupe karibu mpaka juu, geuza mara moja tu kwa mwiko bapa. Upande wa pili dakika mbili zinatosha.

Mtoe samaki, mwaga mafuta yale, futa kikaango, ndipo uweke siagi mpya, vijiko vitatu vya chakula kwa watu wanne, moto wa wastani. Itatoa povu, povu litatulia, kisha chembe za chini zitageuka kahawia na jiko zima litanukia kama karanga. Hapo hapo kamulia limau, maji yake ndiyo yanayoipoza siagi. Usiondoke jikoni hata kama mlango unagongwa.

Shangazi wa Tanga
Mwanangu, ndimu ya nusu saa ndiyo inayokukatia samaki. Changu mzima wa kukaanga mkavu anaihimili. Mnofu mwembamba ukali wa ndimu unaanza kuupika kabla ya moto, ukifika kikaangoni unameguka. Na vipande vya kitunguu saumu vikiungua vinaacha uchungu. Huenda lozi unazisingizia.

Kusini Kwetu
Lozi za nini na bei yake ile? Korosho za Mtwara zipo, zikate nyembamba umalize kazi.

Mpishi Mstaafu
Mkuu, korosho naipenda, na akikosa lozi atumie. Ila ni laini, na sangara naye ni laini. Lozi inabaki na ukakamavu mdomoni, ndiyo sababu Wafaransa huiweka juu ya samaki.

Jikoni Nyeri
Huku Mlima Kenya tuna trauti, mimi humpika mzima kwa njia hii. Lozi zitie kwenye maji yanayochemka dakika moja, ukizibana kwa vidole ganda linatoka lenyewe. Zikate nyembamba zikiwa bado na unyevu. Zikaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha; rangi ya dhahabu ikianza tu, zimwage kwenye sahani. Ukiziacha kikaangoni zinaendelea kuungua hata jiko likiwa limezimwa, na uchungu unatokea hapo. Zinyunyize mwisho kabisa. Halafu uwaulize wageni mapema kama yupo anayedhurika na lozi au karanga, hilo si la kupuuza.

Binti Ziwa (Mwanza)
Asanteni sana wakuu. Shangazi shikamoo, ndimu naiacha. Swali la mwisho: naweza kukaanga asubuhi, nikapasha wakifika?

Shangazi wa Tanga
Marahaba mwanangu. Usipashe, utakauka. Wali na mchicha ndivyo vitangulie kuiva.

Mpishi Mstaafu
Namuunga mkono shangazi. Lozi ndizo za kukaanga asubuhi. Samaki mpaka wageni wamenawa na kukaa. Kaanga minofu miwili miwili, ukijaza kikaango mafuta yanapoa na unga unalowa. Ya kwanza iweke kwenye sahani uliyoipasha moto, usiifunike.